Plagi ya Nne

Ijumaa moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na tafadhali neno hilo lisimfikie mama yenu huko jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa fundi wa magari pale Ekerenyo, katika banda la mabati lililokuwa nyuma ya soko, na mikono yangu ilinuka petroli hata nilipovaa suti ya kwaya. Mwili ulikuwa na nguvu, kichwa kilikuwa chepesi, na mimi nilidhani kwamba huo wepesi ndio akili.

Banda halikuwa langu. Lilikuwa la mzee mmoja aliyeitwa Onchiri, ambaye sote tulimwita Tata, kama sisi Wagusii tunavyomwita baba, ingawa hakuwa amenizaa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Gari likiletwa, hakukimbilia kufungua kitu. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini inayounguruma na mpini wake sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Sisi vijana tulimcheka kwa siri. Tulitaka kufungua, kubomoa, watu waone spana zikiruka. Mwenda pole hajikwai, lakini nani katika umri ule hutaka kwenda pole?

Basi Ijumaa hiyo Tata hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nyamache kwenye mazungumzo ya posa ya binti wa dada yake, na asingerudi kabla ya Jumapili. Banda aliniachia mimi. Nilitembea humo ndani kama mwenye nyumba, nikihamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa.

Mnamo saa tisa alasiri akaja Mwalimu Kerubo. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Magwagwa, mama mwenye mwili na sauti ya kunyamazisha darasa zima bila fimbo. Alikuwa na gari dogo jeupe, analiendesha mwenyewe, na enzi hizo wanawake waliokuwa wakiendesha gari huku kwetu ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Watu walikuwa wakisimama kando ya barabara kumtazama akipita.

"Fundi," akaniambia, "kila asubuhi gari hii inasumbua kuwaka. Na Jumatatu nampeleka mama mkwe wangu Kisii, atolewe mtoto wa jicho. Macho yote mawili yamefunikwa na utando, haoni hata mlango. Tumengoja tangu mahindi yapandwe mpaka yamevunwa. Daktari wa macho atakuwepo siku hiyo moja tu, kisha mpaka mwakani. Sitaki inizimikie njiani."

"Haitazima, Mwalimu," nikasema.

Nikafungua boneti. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Nikamwambia ndizo zinazokataa kuwasha moto, na huo ulikuwa ukweli. Nikatoa za zamani, nikaanza kutia mpya. Sasa, mwanangu, ili usipotee njiani, nikueleze kidogo. Plagi hukaa ndani ya tundu lake kwenye injini kwa kuzungushwa. Unaianza kwa vidole, taratibu, ili thredi za plagi, ile mistari yake ya kuzunguka, zikae sawa na thredi za tundu. Ikifika mwisho wa vidole, bado hujamaliza. Unachukua spana, unaivuta mara ya mwisho mpaka ile pete laini iliyo chini ya plagi inabanwa, inalala bapa. Mvuto huo mmoja wa spana ndio kazi yenyewe. Yaliyotangulia ni matayarisho tu.

Ya kwanza nikaifunga. Ya pili nikaifunga. Ya tatu nikaifunga. Ya nne ilikuwa nyuma kabisa, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida. Nikaizungusha kwa vidole mpaka ikagoma. Hapo ndipo lori la kwaya lilipopiga honi barabarani.

Wewe unajua sisi Wasabato: jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia. Kwaya yetu ilitakiwa kufika kanisani upande wa Magwagwa kabla jua halijazama. Mimi nilikuwa naimba besi, na aliyeniita jina kutoka juu ya lori, kwa sauti iliyosikika hadi sokoni, alikuwa mama yenu. Bado hakuwa mama yenu wakati huo. Nilikuwa natafuta namna ya kumfanya awe.

Nikavika plagi ya nne kofia ya waya wake, nikafunga boneti, nikaosha mikono. Mwalimu akawasha gari. Likaunguruma vizuri, laini kama paka. Plagi iliyofungwa kwa vidole haisemi kitu siku ya kwanza. Mwalimu akafurahi, akanipa kichane cha ndizi mbivu juu ya malipo, akaenda zake. Mimi nikarukia lori.

Tulikuwa tumeanza wimbo wa pili, mashamba ya majani chai yakipita huku na huku, wakati wazo liliponijia. Sikuwa nikiwaza gari hata kidogo. Nilikuwa nimeshika chuma cha lori kwa mkono wa kulia, na mkono ule, wenyewe, ukaniuliza: ya nne uliivuta? Nikajaribu kukumbuka. Ya kwanza niliukumbuka mvuto wake, ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne mkono haukukumbuka kitu. Nikasema moyoni, bila shaka niliivuta, nawezaje kutoivuta? Nikaongeza sauti ya besi. Mama yenu akageuka kunitazama, akidhani ni kwa ajili yake.

Sabato yenyewe tuliimba, tukala pamoja, na alasiri nikaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Njia yangu ilipita mbele ya nyumba ya Mwalimu. Gari lilikuwa limesimama uani kando ya migomba, jeupe, limeoshwa. Nikasimama langoni. Nikaweka mkono juu ya lango. Ungekuwa mwendo wa hatua thelathini, kubisha hodi, kusema, "Mwalimu, niruhusu niangalie kitu kimoja," na spana ndogo ya plagi walikuwa nayo ndani ya gari. Kazi ya dakika mbili.

Lakini nilikuwa na suti. Na ningemwambia nini? Kwamba yule fundi aliyejigamba Ijumaa hajui kama alimaliza kazi? Nikajiambia, leo ni Sabato, mtu hashiki spana. Neno hilo likanipendeza sana. Nikaondoa mkono langoni, nikaenda zangu nikijihisi mtakatifu.

Jumapili ilikuwa siku ya soko, nami nilikuwa nimesimama na vijana wenzangu wanne watano tukipiga porojo. Mwalimu Kerubo, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa ametoka misa. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Fundi, gari inatoa sauti," akasema. "Nikipanda kilima inafanya tsi, tsi, tsi, kama sufuria inayochemka na kifuniko kimekaa vibaya. Haikuwa nayo zamani."

Mwanangu, niliitambua papo hapo. Sauti ile ilikuwa pumzi ya injini inayovuja kando ya plagi iliyolegea. Hakuna fundi asiyeijua. Nilijua ni ipi, nilijua iko wapi, nilijua ni nani aliyeiacha imelegea. Na wenzangu walikuwa wamesimama wakinisikiliza.

"Mwalimu, plagi mpya huwa hivyo," nikamjibu. "Zina sauti kidogo mpaka zizoee. Itaisha yenyewe."

"Wewe ndiwe fundi," akasema, akaenda kununua mboga.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ijumaa nilikuwa nimesahau, na kusahau ni kwa kila mwenye kichwa. Jumamosi niliogopa. Jumapili nilimdanganya mtu aliyeniamini, na nikatumia ujuzi wangu kufanya uongo ufanane na kweli.

Jumatatu asubuhi Tata Onchiri alikuwa amerudi. Alikuwa anakunywa chai akinisimulia jinsi wazee wa upande wa pili walivyokuwa wagumu katika mazungumzo ya posa, mara akaingia mkulima mmoja na baiskeli, matope mpaka magotini.

"Tata, gari ya Mwalimu imekufa pale kwa mlima," akasema. "Imelia kama bunduki. Wanaochuma chai wote wamekimbia kuangalia. Mwalimu anasema uje haraka, ako na omong'ina wa hospitali."

Omong'ina ni mama mzee, kwa lugha yetu. Tata akaweka kikombe chini. Nadhani aliyasoma yote usoni mwangu. Akachukua mfuko wa vyombo, akaokota plagi mbili za zamani kutoka kwenye kopo na moja mpya kutoka rafuni, tukasimamisha lori la majani chai lililokuwa likielekea upande huo.

Kilima kile unakijua, kile chenye kona mbili na udongo mwekundu. Gari lilikuwa limesimama katikati ya mpando, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Mwalimu alikuwa amesimama kando na mkoba wake. Mama mkwe wake, Omong'ina Nyanchama, alikuwa ameketi kiti cha mbele, mlango wazi, amejifunga leso kichwani, macho yake meupe yameelekea barabarani bila kuona barabara. Kwa sababu ya safari alikuwa amevaa viatu vipya, na viatu vile vilinichoma moyo kuliko kitu kingine chochote pale.

Tata akafungua boneti. Plagi ya nne ilikuwa imetoka tunduni kama risasi, imegonga boneti kwa ndani mpaka ikaacha kibonyeo, na sasa ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake. Petroli ilikuwa imetapakaa kwa juu. Tata akaifuta kwa kitambaa polepole, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba cheche moja tu ingetosha kuwachoma wote wawili humo ndani.

Kisha akachukua ile plagi, akaigeuza, akaishika mbele ya uso wangu. Nikaiona ile pete ya chini. Ilikuwa nene na ya duara, nzima, kama ilivyotoka kwenye kijisanduku chake. Haikuwa imewahi kubanwa na spana.

"Pete hii inasema nini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema plagi yenyewe ilikuwa mbovu tangu dukani, na neno hilo, Mungu anisamehe, lilinifika hadi kwenye meno.

"Mimi nimeshaisoma," Tata akasema. "Mwalimu hajui kusoma pete. Kwa hiyo nenda umsomee wewe. Mimi naanza kusafisha thredi."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikatembea zile hatua nane kutoka kwenye boneti mpaka alipokuwa Mwalimu, na sijapata kutembea mwendo mrefu kama ule. Wachumaji wa chai walikuwa wamesimama wakitazama, vikapu mgongoni. Nikamwambia kwamba Ijumaa sikuikaza plagi ya nne. Nilikuwa nakimbilia lori la kwaya.

Akaweka mkoba wake chini. Kisha akasema, "Ijumaa ulisahau. Hilo naelewa, hata mimi husahau. Lakini Jumapili nilikuuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningeona nafuu. Alitazama upande wa mashamba, akavuta pumzi, akauliza kama wanaweza kufika Kisii kabla ya saa sita, maana baada ya saa sita jina la mama mkwe wake lingerukwa. Nikasema sijui. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli tangu Ijumaa.

Kutoka kwenye kiti cha mbele Omong'ina Nyanchama akasema kwa Kigusii, na alisema kwa utulivu kabisa, "Mimi niliisikia ile sauti tangu tulipotoka nyumbani. Nilidhani gari linanung'unika tu kama mimi, kwa sababu ya kuamshwa mapema." Wachumaji wa chai wakacheka. Hata Mwalimu alitikisa mabega kidogo. Mimi pekee sikuweza kucheka.

Nikarudi kwa Tata. Alikuwa amechukua plagi moja ya zamani na msumeno mdogo wa chuma, anakata mifereji miwili kwenye thredi zake, kutoka juu hadi chini. Alinipa msumeno nimalizie. Tulipaka mifereji ile grisi, kisha akaiingiza plagi ile tunduni kwa vidole, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma, akiitoa mara kwa mara kufuta chembe za chuma zilizonata kwenye grisi. Hivyo ndivyo alivyozinyoosha upya thredi zilizoumia. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo, na tangu siku hiyo limeniokoa mara nyingi.

Katika kufanya hivyo akaniuliza, bila kuinua macho, "Jumamosi hukupita kwao?"

"Nilipita, Tata. Nilisimama langoni."

"Kwa nini hukuingia?"

"Ilikuwa Sabato."

Akafuta grisi. "Ng'ombe wa Mwalimu angekuwa ameanguka shimoni, ungepita na suti yako?"

"La, ningemtoa."

"Basi usimsingizie Mungu woga wako," akasema. Nusu mbele, robo nyuma. "Mimi pia nimewahi kuacha nati bila kukaza. Nilikuwa na umri kama wako. Nilitembea kutoka Ekerenyo mpaka karibu na Nyamira kwa miguu, mvua inanyesha, kuifuata. Nilipofika nikaikuta imekazwa. Nilikuwa nimeikaza mwenyewe, nikasahau kwamba nimeikaza. Mwenye gari alinicheka, akanipa uji, nikarudi. Ule uji bado naukumbuka."

Hayo ndiyo yote aliyonikemea. Hakuyarudia, si siku hiyo wala siku nyingine. Alinipa plagi mpya mkononi, akajitoa kando. Nikaianza kwa vidole. Nikachukua spana, nikavuta, nikasikia pete ikikubali kubanwa. Mwalimu akawasha. Injini ikakohoa mara moja ikitoa uchafu, kisha ikatulia. Tata akaweka bisibisi yake, akasikiliza, akanipa mpini na mimi nisikilize. Hapakuwa na tsi wala tsu.

"Panda nyuma," akaniambia. "Uende nao. Ukisikia kitu, sema."

Ndivyo nilivyofika Kisii siku hiyo, nimeketi kiti cha nyuma na spana mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Mwalimu aliendesha, macho barabarani. Tulipofika Nyamira aliegesha, nikafungua boneti, nikagusa plagi kwa spana, ikawa imara. Omong'ina ndiye aliyezungumza njia nzima. Aliniuliza ukoo wangu, akaniambia anamjua nyanya yangu, kwamba waliwahi kugombania mpaka wa shamba la wimbi na nyanya yangu akashinda kwa sababu alikuwa na mdomo. Alitaka kumwona kitukuu wake aliyezaliwa mwezi wa nne. "Nimemshika, nimemnusa, nimempapasa masikio," alisema. "Wanasema ana sura yangu. Sasa nataka kuhakikisha kama wananitukana."

Tuliingia hospitalini saa sita kasoro dakika chache. Muuguzi alikuwa mlangoni ameshika karatasi ya majina, na mbele yake walikuwa wamebaki wazee wawili tu kwenye benchi. Mwalimu alikimbilia dirishani na makaratasi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshika Omong'ina mkono na kumwongoza. Alininusa kiganja. "Petroli," akasema. "Vizuri. Nikitoka humo ndani nitajua ni wewe."

Tulipoketi kungoja, Mwalimu alininunulia chai na mandazi mawili. Niliyala nikitazama sakafu. Mwishowe akasema, "Mtoto akikosa hesabu, sina neno naye. Namwonyesha tena. Kwako nataka jambo moja tu. Nikikuuliza na hujui, niambie hujui. Nikikuuliza na unajua, niambie unachokijua. Gari yangu nitaendelea kuileta kwenu."

Niliinua uso. Sikuamini. "Utaileta, Mwalimu?"

"Sasa hivi wewe ndiye fundi mwangalifu kuliko wote kutoka hapa mpaka Magwagwa," akasema, akanywa chai yake. "Nikienda kwa mwingine, huyo bado hajapatwa na kosa lake."

Wiki mbili baadaye gari jeupe lilisimama mbele ya banda. Omong'ina Nyanchama akashuka mwenyewe, hakushikwa na mtu. Jicho moja lilikuwa limefunguka, la pili lilikuwa bado linangoja zamu yake. Alisimama akatutazama mmoja mmoja, mimi, Tata, na fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa jirani yetu. Kisha akanijia, akachukua mkono wangu, akaunusa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Kwa sauti nilidhani ni mtu mzima. Uso ni wa mtoto kabisa."

Wote wakaangua kicheko. Nikamuuliza kuhusu kitukuu. Akasema hawakumtukana, walimdanganya tu, mtoto ana sura ya upande wa mama yake, lakini ni mzuri hivyo hivyo. Halafu akageuka akalitazama banda letu, mabati, makopo, matambara ya mafuta, akatikisa kichwa. "Na hapa," akasema, "ni pachafu sana." Tulifagia siku hiyo hiyo, mimi na Tata, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe.

Sasa basi, mwanangu, nikwambie kwa nini nimekurudisha huko kote. Umeanza kazi. Sijali kama kazi yako ni ya kalamu, ya jembe, ya sindano au ya pikipiki. Itakuja siku utakayoondoka kazini, na njiani moyo wako utakuuliza kama ulimaliza. Usiudanganye moyo huo. Geuka urudi. Ukikuta kila kitu ki sawa, umepoteza mwendo tu, na huenda ukapewa uji. Shaka ni kama ufa: siku ya kwanza kidole kinaweza kuuziba, na wewe unajua wanavyosema kuhusu asiyeuziba.

Na kama umekosea, sema ungali mapema, kosa likiwa bado la kwako peke yako. Ukilificha, litapanda gari na watu wengine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilibahatika, kilichoniumbua kilikuwa pete ndogo ya chuma kando ya barabara, na wote wakafika salama. Si kila anayeficha hupata bahati hiyo. Nimewajua mafundi ambao hawakuipata, na majina yao sitakutajia.

Zaidi ya yote, usije ukautumia ujuzi wako kumnyamazisha asiyejua. Mtu akikwambia, "Nasikia sauti," msikilize, hata kama hajui jina la hicho kinacholia. Yule mwalimu hakujua plagi, na yule bibi hakuona hata boneti iko wapi, lakini wote wawili walisikia kweli, na mimi mwenye ujuzi ndiye niliyesema uongo. Wala usimtumie Mungu kama pazia la kujifichia. Yeye haoni aibu kukuona na grisi mikononi siku yoyote ile, mradi umekwenda kumtoa mwenzako shimoni.

Haya, mama yenu anaita, ugali umeiva na mboga za chinsaga zitapoa. Sogea karibu kwanza. Mungu aibariki mikono yako ipate kazi na kazi ikupende. Akupe mkubwa wa kukukemea kwa maneno machache, na wa kukusamehe juu ya chai. Watu wakuamini, nawe usiwachoshe kwa kuwaaminisha. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe miguu myepesi ya kurudi, na akuonyeshe lango likiwa bado halijafungwa.